Kamera yako na jua la Matema

Iwapo likizo ijayo unakusudia kwenda Kyela kuwaona wazee, na ndani ya mkoba wako umetia kamera, basi tafadhali tenga nusu saa ya Jumapili hii uyasome makala haya kabla hujakata tiketi ya basi. Hayakuandikwa kwa ajili ya bingwa mwenye studio na wasaidizi. Yameandikwa kwa ajili ya mfanyakazi ambaye amejinyima kwa miezi kadhaa, akanunua kamera ya dijitali yenye kioo ndani, ile ya daraja la kati, na sasa anavitazama vitufe vyake kama mgeni atazamavyo milango ya nyumba asiyoizoea.

Nami nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Mwezi Oktoba mwaka 2012 nilifika Matema, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, nikiwa na kamera ya kuazima. Bibi mzaa mama alivaa kitenge kipya na kitambaa cheupe kichwani. Tulimketisha kwenye kigoda mchangani, ziwa likiwa nyuma yake, saa sita mchana, kwa kuwa sote tuliona kwamba mwanga ulikuwa tele na maji yalipendeza. Nilipiga picha tatu. Kwenye kile kioo kidogo cha mgongoni mwa kamera sikuweza kuona kitu kwa ukali wa jua, lakini nilijipa moyo, nikafunga mkoba. Niliporudi mjini na kuzifungua picha hizo kwenye kompyuta, ziwa lilikuwa zuri ajabu, milima ya Livingstone imesimama upande wa kushoto kama ukuta, mawingu yamekaa mahali pake. Na katikati ya uzuri huo wote palikuwa na kivuli cheusi chenye umbo la mtu, kilichofungwa kitambaa cheupe.

Bibi alifariki kabla ya mavuno ya mpunga ya mwaka uliofuata. Picha nyingine ya uzee wake hatuna.

Kwa muda mrefu niliilaumu kamera ile. Baadaye nilipojifunza nilitambua kwamba haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa na kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, karibu kabisa na kidole changu cha shahada, na laiti ningekibonyeza na kuzungusha gurudumu kidogo, uso wa bibi ungeonekana. Sikukijua. Nilikuwa nimekabidhi uamuzi wote kwa mashine.

MASHINE INAYOPENDA KIJIVU

Ndani ya kila kamera ya aina hii mna kipima mwanga. Chombo hicho hakimjui bibi, wala hakijui ziwa ni nini. Kimefundishwa jambo moja: kwamba mandhari yoyote iliyo mbele yake, weupe wake ukichanganywa na weusi wake, sharti itoke na wastani wa kijivu, yaani kijivu kile kinachorudisha yapata asilimia 18 ya nuru inayokiangukia. Kikiona mchanga mweupe na maji yanayometameta, hudhani kwamba mwanga umezidi, kikaupunguza. Mchanga ukapata kuonekana vema, na mtu aliyeketi mbele yake akazama gizani. Ni kweli kwamba kamera za miaka ya karibuni zinajitahidi. Nikon D7000, kwa mfano, huipima mandhari kwa vipande 2,016 na kuilinganisha na mifano iliyohifadhiwa ndani yake kabla ya kukata shauri. Hata hivyo bado ni kukisia, na pale Matema saa sita mchana hukisia vibaya.

Dawa yake ni kile kitufe nilichokitaja. Ukikiweka kwenye kujumlisha moja, kamera huingiza nuru maradufu ya ile iliyokuwa imekusudia. Ukijumlisha mbili, huingiza mara nne. Mtu aliyeketi na ziwa nyuma yake huhitaji kati ya moja na mbili. Maji yatapauka, na pengine mawingu yatapotea kabisa. Hiyo ndiyo gharama, na ni juu yako kuamua kama ulikuja kumpiga picha bibi au mawingu.

Lakini angalia pia upande wa pili. Ukimsogelea mtu mwenye ngozi nyeusi sana hata uso wake ukaijaza picha yote, kipima mwanga kitafanya kosa la kinyume: kitaona weusi mwingi, kitadhani ni giza, kitaongeza mwanga. Matokeo yake ni uso uliopauka, kama uliopakwa majivu, na nguo nyeupe iliyoungua isibakie hata mkunjo mmoja. Hapo unatakiwa kutoa, nusu hadi moja. Mtu aliyezaliwa na weusi wake ana haki ya kuonekana nao katika picha, hakuuomba uongezwe wala upunguzwe.

Jambo hili lina historia yake, na historia hiyo inafika mpaka mashambani mwa Kyela kwa njia ambayo huenda msomaji hakuitazamia. Wakati wa filamu, maabara za kusafishia picha zilizotumia bidhaa za Kodak zililetewa kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hiyo iliitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza kupigwa picha yake. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imekaa sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, ambaye alichapisha uchunguzi wake juu ya kadi hizo mwaka 2009, aliwahoji waliofanya kazi katika kampuni hiyo na kugundua jambo la ajabu. Miongoni mwa waliosukuma filamu irekebishwe ili itofautishe vema rangi za kahawia walikuwamo watengenezaji wa samani, waliotaka mbao zao zionekane jinsi zilivyo, na watengenezaji wa chokoleti, waliolalamika kwamba chokoleti nyeusi na ile ya maziwa zilitoka zinafanana. Katika miaka ya 1980 filamu bora zaidi zikatoka.

Sasa kumbuka kwamba chokoleti hutokana na kakao, na kwamba Kyela ndiyo wilaya inayoongoza kwa kakao nchini mwetu. Kwa maneno mengine, punje ya kakao ilisikilizwa mapema kuliko uso wa mkulima wake. Kamera za dijitali hazitumii kadi ya Shirley, na tofauti ya rangi zinazoweza kuikamata ni kubwa kuliko ya filamu zile. Lakini desturi ya kuiamini mashine kwamba inajua sura zetu ziweje, hiyo bado tunayo.

DARAJA LA KATI LINA NINI?

Ninaposema daraja la kati nakusudia kamera kama Nikon D90 iliyotoka mwaka 2008, ambayo ilikuwa ya kwanza miongoni mwa kamera za dijitali zenye kioo kuweza kupiga video. D7000 ya mwaka 2010. D7200 ya mwaka 2015. Na kwa upande wa Canon, EOS 60D ya mwaka 2010, 70D ya mwaka 2013 na 80D ya mwaka 2016. Chini yake zipo kamera ndogo za anayeanza, na juu yake zipo za magazeti na harusi kubwa, nzito na za bei inayomfaa mwenye kuishi kwa kazi hiyo.

Muuzaji dukani atakutajia kwanza pikseli. Msikilize kwa adabu, kisha uendelee na mengine. D90 ina pikseli milioni 12.3, na hizo zinatosha kuchapa picha ya sentimita 36 kwa 24 iliyo safi kabisa. Picha ya kawaida ya albamu, ile ya sentimita 15 kwa 10, haihitaji zaidi ya pikseli milioni mbili na kidogo. Hilo limekwisha.

Kilicho muhimu zaidi ni magurudumu. Kamera ya daraja la chini huwa na gurudumu moja la kuzungusha, na ukitaka kubadili kitu cha pili sharti ubonyeze kitufe huku unazungusha, au uingie kwenye orodha ndani ya kioo. Ya daraja la kati ina mawili. Kwenye Canon nilizozitaja, ukichagua herufi Av, gurudumu kubwa la nyuma ndilo lenyewe la kujumlisha na kutoa mwanga. Kidole gumba kinalizungusha bila jicho kuondoka kwenye kitundu. Kwenye Nikon utachagua A, utashika kile kitufe na kuzungusha. Msomaji anaweza kuona hili kuwa jambo dogo. Lakini mzee wa miaka themanini hakai juani akikungoja utafute orodha.

Pili ni kitundu cha kuchungulia. Nuru inayopita kwenye lenzi hugonga kioo kilichoinama, ikapanda juu, ikapinduliwa na kipande cha bilauri chenye pembe nyingi, ikafika jichoni mwako. Katika kamera nyingi za bei rahisi mahali pa bilauri hiyo pamewekwa vioo vyepesi, na unachokiona ni chembamba na chenye utusitusi. Ya daraja la kati ina bilauri nzima. Hapa ndipo kamera hii inapoishinda simu ya mkononi kwenye ufuko wa ziwa: jua likiwaka, kioo cha simu hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia, hali wewe mwenye kitundu unaona kila kitu hadi mtumbwi wa mbali. Lakini kitundu hakikuonyeshi kama mwanga umetosha. Kwa hiyo baada ya kupiga, funika kamera kwa kanga au kwa koti, chungulia kioo cha nyuma, utazame ule mchoro unaofanana na mlima. Mlima ukiwa umerundikana wote kushoto, picha ni nyeusi. Ukiwa umegota kulia, imeungua. Na mlima ukiwa na vilele viwili, kimoja kila upande, kama bila shaka ulivyokuwa wangu siku ile, ujue kwamba umemweka mtu mweusi mbele ya ziwa jeupe, na kamera haikujua imtii nani.

Tatu ni flashi ndogo inayochomoza juu. Mabingwa huidharau, na kamera kubwa nyingi hazina kabisa. Mimi naitetea. Kyela iko kama nyuzi tisa na nusu kusini mwa ikweta, hivyo mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri husimama juu ya utosi. Paji la uso hung'aa na macho huwa mashimo mawili. Flashi hujaza mashimo hayo. Weka ISO 100, mwendo wa sehemu moja ya 250 ya sekunde, tundu la lenzi kwenye 8 au 11, na usogee karibu, kwa sababu kwenye 8 flashi ya D7000 hufika mita moja na nusu tu. Ukirudi nyuma hatua tano unapoteza betri bure. Ingawa, kusema kweli, dawa bora ya jua la saa sita ni kulikimbia: mwite bibi chini ya mwembe, au ungoje saa kumi na moja jioni jua likiwa limeshuka upande wa nyanda za Kyela na Malawi. Asubuhi usiitegemee sana pale Matema, maana milima iko mashariki na kivuli chake huchelewa kuondoka ufukoni.

Nne, na hili nalisema kwa uchungu, ni faili ghafi. Kwenye orodha ya kamera yako utakuta neno RAW na neno JPEG. JPEG ni picha iliyokwisha kupikwa: kamera imechagua nuru na rangi, imetupa yaliyosalia, imefunga. RAW huhifadhi kila kilichoingia kwenye kihisi, na giza lenye uso ndani yake huweza kufunuliwa baadaye kwenye kompyuta. Picha zangu tatu zilikuwa JPEG. Fundi mmoja mjini alijaribu kuung'arisha uso ule, akapata ukungu wa kijivu wenye madoa. Ukiwa na nafasi kwenye kadi, hifadhi zote mbili, JPEG ya kumtumia shangazi kwenye simu na RAW ya kuweka. D7000 na D7200 zina nafasi za kadi mbili, nawe unaweza kuiamuru kamera iandike picha ileile kwenye kila kadi. Kadi hufa bila kuaga.

Juu ya lenzi nitasema machache. Ile inayouzwa pamoja na kamera inatosha kwa ufuko na milima. Ila nyumba zetu zina giza ndani, na ngoma na mikesha hufanyika usiku. Kwa hayo tafuta lenzi ya milimita 50 ambayo tundu lake hufunguka hadi 1.8. Ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote, na juu ya kihisi cha kamera hizi, ambacho upana wake ni kama milimita 23, humleta mtu karibu kwa kiasi kinachofaa uso. Panua tundu, pandisha ISO hadi 1600 au 3200, uache taa ya chemli ifanye kazi yake. Simu nyingi za kawaida zina kihisi ambacho eneo lake halifikii hata sehemu moja ya kumi ya hiki, ndiyo sababu usiku hulazimika kuzipaka nyuso rangi ya kubuni.

SAFARI YA KUTEREMKA

Mji wa Tukuyu uko juu, una baridi na ukungu. Ziwa liko katika kimo cha mita zipatazo 475 kutoka usawa wa bahari. Basi la kutoka Mbeya linakushusha zaidi ya mita elfu moja katika muda mfupi, na unapofungua dirisha Kyela joto lenye unyevu linakupokea. Kamera iliyopoa njiani ikitolewa ghafla kwenye joto hilo hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu, ndani na nje. Usiifungue. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa nzima, hata watoto wakikushika mikono.

Wilaya hii hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mwezi Aprili huwezi kuipanga siku. Baadhi ya kamera za daraja la kati zina mipira ya kuzuia maji na vumbi kwenye viungo vyake; huo ni ulinzi wa matone, si ruhusa ya kusimama kwenye mvua. Mfuko wa nailoni wenye tundu la lenzi ni kinga bora kuliko maneno ya tangazo. Adui mkubwa zaidi ni ukungu uotao ndani ya lenzi, nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui, unaopenda mahali penye joto, giza na unyevu. Usihifadhi kamera kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Iweke kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya punje za kukaushia vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu na redio.

Hapa patatokea ndugu wa kukushauri uifukie kamera kwenye mchele. Mchele wa Kyela ni mchele wa kupikwa. Unanukia, umepata sifa hadi Dar es Salaam, na ukiiweka kamera ndani yake utaingiza pumba kwenye kila mwanya.

Kuna kitu kingine ambacho mgeni hukiona mara ya kwanza akadhani ni moto ziwani: mawingu meusi yanayopanda kutoka majini kama moshi. Hao ni wadudu wadogo sana, mamilioni kwa mamilioni, ambao wakazi wa mwambao wa ziwa huwakamata, wakawaponda na kuwafanya chakula. Ni picha nzuri mno, na lenzi ndefu itakupa wingu zima likiwa na mtumbwi chini yake. Lakini upepo ukiwaleta nchi kavu, usithubutu kubadili lenzi. Mdudu mmoja juu ya kihisi ni doa katika kila picha ya safari yote.

KABLA YA KUMWELEKEZEA MTU LENZI

Mashariki ya Matema, mwendo mfupi kwa miguu, kuna Lyulilo, ambako siku ya Jumamosi hufanyika soko la vyungu. Vyungu hivyo hufinyangwa na akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kilicho mbele zaidi chini ya milima, na huletwa kwa mtumbwi. Vina rangi nyeupe na nyekundu ya udongo, na ni vyepesi kwa namna isiyoaminika ukivinyanyua. Mpiga picha wa ridhaa akifika pale hupatwa na wazimu. Kila upande kuna picha.

Tulia kwanza. Amkia: Ugonile. Nunua chungu, au walau uulize bei kama mtu mwenye nia. Kisha omba. Mama akikataa, amekataa. Baadhi ya picha za mwanzo za watu wa pande hizi zilipigwa mwishoni mwa karne ya 19 na daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, na zikachapishwa Berlin mwaka 1906 katika kitabu kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma. Zina thamani kubwa kwa historia yetu, nami nimezitazama kwa shukrani. Lakini namna ile ya daktari wa jeshi kumsimamisha mtu, akachukua sura yake na kwenda nayo ng'ambo, haifai kurudiwa na mjukuu wa mahali hapohapo. Akikubali, mwonyeshe picha palepale, na ukiahidi kumletea nakala, ilete. Bandarini Itungi na kwenye daraja la mpakani Kasumulu weka kamera mkobani mpaka utakapopewa ruhusa na wahusika.

Na unapompiga mfinyanzi, jihadhari na vyungu vyeupe. Vitamdanganya kipima mwanga kama mchanga ulivyonidanganya mimi. Pima usoni, si chunguni.

KUNUNUA ILIYOTUMIKA

Yafaa ieleweke kwamba kamera hizi zinaelekea kuwa za zamani. Canon haikutoa nyingine katika safu hii baada ya 90D ya mwaka 2019, na Nikon baada ya D7500 ya mwaka 2017. Kampuni zote mbili zimegeukia kamera zisizo na kioo. Kwa mfanyakazi hii ni neema, maana zilizotumika ni nyingi na bei zake zimeshuka. Ila kagua. Washa kurunzi, umulike ndani ya lenzi kutoka upande mmoja, utafute zile nyuzinyuzi. Uliza kamera imepiga picha ngapi, kwani mlango wa nuru hufa kwa hesabu. Wa D7000 ulijaribiwa kiwandani hadi mara 150,000. Piga picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo, uhesabu madoa. Dai risiti, maana kamera isiyo na risiti huenda kuna mtu analia kwa ajili yake. Na ukipata lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota, kumbuka kwamba D90, D7000 na D7200 zinaweza kuzizungusha kwa mota iliyo ndani ya mwili wa kamera, na zile ndogo za mwanzo haziwezi. Kwa Canon ni rahisi zaidi: lenzi za aina ya EF zilizotengenezwa tangu mwaka 1987 zote zinaingia.

Mimi nilinunua D7000 ya namna hiyo, imechubuka pembeni, na mwaka 2016 nikarudi Matema. Mdogo wake bibi alikuwa bado yuko, akitembea kwa fimbo. Safari hii sikumpeleka mchangani. Tulikaa chini ya mwembe saa kumi jioni, ziwa likiwa mbali kidogo nyuma yake. Nikafungua lenzi, nikajumlisha moja, nikapiga, nikafunika kamera kwa koti na kutazama, nikapiga tena. Makunyanzi yote yalikuwapo, na ule weusi wenye kung'aa wa ukoo wetu, na jino lililotoka.

Picha niliichapisha Mbeya, kubwa, nikaiweka kwenye fremu, nikaipeleka mwenyewe. Aliishika kwa mikono miwili na kuisogeza mbali, kama wafanyavyo wazee wasio na miwani. Akasema, "Ndaga fijo, mjukuu wangu." Kisha akaendelea kuitazama kwa muda mrefu, halafu akaniuliza:

"Na ya dada yangu iko wapi?"